Pete za darubini ya baba mkubwa: shajara ya mradi

Februari 7

Nimefika Sengerema saa nne asubuhi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, safari iliyokuwa ikiliwa na foleni ya kivuko imekuwa fupi. Unavuka kilomita 3 za maji kabla hujamaliza mazungumzo na uliyekaa naye kwenye basi. Baba mkubwa alikuwa ameshaitoa bunduki kwenye sanduku la chuma na kuilaza juu ya blanketi, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) pembeni, chemba ya risasi tupu. "Mwangaluka, baba." "Mwangaluka, mwanangu. Ikague uniambie ukweli."

Ni CZ 550 ya risasi za .30-06, ya kutoka Jamhuri ya Czech, leseni jina lake. Msimu uliopita, akiwa na kibali chake cha uwindaji, alimpiga nyamera kwa umbali ambao kwa miaka yake yote hajawahi kukosea. Risasi ikaenda tumboni badala ya begani. Alimfuata mpaka giza likaingia. Asubuhi walikuta mabaki tu, fisi walishamaliza. Akarudi nyumbani, akafunga bunduki sandukuni, hakuigusa tena. Aliponisimulia hili simuni mwezi uliopita alinyamaza katikati kwa muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

Watu walimwambia ni macho, ana miaka 67. Wengine wakamwambia anunue darubini mpya ya bunduki, kubwa, yenye kioo cha mbele cha milimita 56. Mimi ni mkerezaji wa vyuma pale Nyakato, Mwanza, si mwindaji. Lakini shida niliiona kabla sijatoa kipimo mfukoni: juu ya mgongo wa bunduki kuna mikwaruzo miwili inayong'aa, kila mmoja urefu wa milimita 4 hivi, yote ikielekea mbele. Kikalio cha darubini, yaani kile kinachoishikiza kwenye bunduki, kilikuwa kinateleza.

Inatelezaje kwenda mbele wakati bunduki inapiga nyuma? Ndiyo maana yenyewe. Bunduki inaruka nyuma ghafla, darubini ina uzito wake, hii ina karibu nusu kilo, na inataka kubaki ilipo. Ukisimama ndani ya daladala na dereva akaondoka kwa fujo, unajua inavyokuwa. Kama kinachoishika darubini ni msuguano peke yake, kila risasi inaisogeza kidogo. Haisogei sawasawa mbele na nyuma, kwa hiyo pa kulenga panahama.

Kikalio alichokuwa nacho ni cha alumini, cha kuunganisha: chini kinabana mgongo wa bunduki, juu kina mikato ya Weaver, aina mojawapo ya mikato ya kushikia pete, kisha pete zinazokumbatia darubini zinakaa juu yake. Alikinunua pamoja na darubini kwa mtu, kwa bei ndogo.

Kabla ya kuondoka tuliipima darubini yenyewe, maana sikutaka kulaumu miguu wakati kichwa ndicho kibovu. Nilikata mbao mbili mkato wa V, nikailaza humo, nikaifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli isitikisike, tukalenga mnara wa simu. Nikazungusha vifundo vya kurekebisha: mibofyo 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto. Msalaba wa kulengea ukarudi palepale kwenye taa ya mnara. Tukarudia mara tatu. Nikabadilisha ukuzaji kutoka 3 mpaka 9, msalaba haukuhama. Darubini ni nzima. Fedha yote iende kwenye pete.

Fedha yenyewe ni laki nne. Baba mkubwa alizihesabu mezani, zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nimemwambia kioo cha milimita 56 hakitamsaidia. Darubini yake ni 3–9×40, yaani inakuza mara 3 hadi 9 na kioo cha mbele ni milimita 40. Upana wa mwanga unaoingia jichoni unapatikana kwa kugawa kioo cha mbele kwa ukuzaji: 40 kwa 8 ni milimita 5. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka milimita 7 hivi, ya mzee haifiki huko. Mwanga wa ziada ungemwagika pembeni ya jicho lake. Na kioo kikubwa kingedai pete ndefu, shavu likae hewani badala ya kulala kwenye kitako. Ni hivyo hivyo kwa bomba la darubini la milimita 30 ambalo watu hulisifia kwamba linaleta mwanga. Faida yake kubwa ni nafasi zaidi ya kurekebisha msalaba. Bomba lake la inchi moja, yaani milimita 25.4, linamtosha kabisa.

Februari 8

Nimelala hapo, asubuhi nikachukua vipimo. Bunduki hailali kwangu hata usiku mmoja. Leseni ni yake, kwa hiyo kila ninachohitaji lazima kije Nyakato kwenye karatasi.

Upana wa mgongo unaobanwa: milimita 19. Mgongo huu umechongwa mpana juu na mwembamba chini, kama mkia wa njiwa, ili makucha ya pete yaubane kutoka pembeni. Juu yake kuna kishimo cha mraba. Baba mkubwa alidhani ni alama ya kiwandani. Nitakirudia.

Kipenyo cha nje cha kikombe cha kioo cha mbele: 47. Nikalaza rula ya chuma juu ya mgongo iende mbele. Pale kikombe kitakapokaa, mtutu uko chini ya rula kwa milimita 4.

Hesabu: nusu ya 47 ni 23.5, nusu ya bomba ni 12.7, kwa hiyo kikombe kinashuka 10.8 chini ya tumbo la bomba. Nikiacha uwazi wa 3 juu ya mtutu inakuwa 13.8. Toa zile 4. Tumbo la bomba likae angalau milimita 9.8 juu ya mgongo. Pete yoyote iliyo fupi kuliko hapo kioo kitagonga mtutu, na inayozidi sana inamnyanyua shavu. Namba hiyo nimeiandika kwa kalamu ya kudumu ukutani karakana, ili nisishawishike na bei.

Februari 21

Nimekaa wiki mbili nikilinganisha. Njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza, kununua kikalio kingine cha kuunganisha, kizuri zaidi, chenye mikato ya Picatinny juu, halafu pete zozote. Uzuri wake ni kwamba pete za Weaver na Picatinny zimejaa kila mahali na ni rahisi. Hapa mtu awe makini: mkato wa Weaver una upana wa milimita 4.6 hivi, wa Picatinny 5.2, na wa Picatinny ndio uliopangiwa nafasi sawa kutoka mkato mmoja hadi mwingine, kila milimita 10, kwa kiwango cha jeshi la Marekani cha mwaka 1995. Pete za Weaver hukaa kwenye reli ya Picatinny, lakini pete za Picatinny mara nyingi hazizami kwenye mkato wa Weaver. Ubaya wa njia hii kwangu ni viungo. Kikalio kwenye bunduki ni kiungo, pete kwenye kikalio ni kiungo kingine, darubini ndani ya pete cha tatu. Kila kiungo ni mahali pa kulegea, na kila tabaka linaongeza kimo.

Ya pili, kumpelekea fundi wa silaha mwenye leseni atoboe na kukata uzi wa skrubu. Mimi mwenyewe sitoboi bunduki ya mtu hata nikiombwa kwa magoti; si kazi niliyoruhusiwa. Na hii haihitaji tundu lolote, kiwanda kilishachonga mgongo.

Ya tatu ni pete za chuma za milimita 19 zinazobana mgongo moja kwa moja, na pete moja ina kijino chini yake. Hapo ndipo kile kishimo cha mraba kinapopata kazi. Kijino kinazama kishimoni, na mshindo unapokuja ni chuma kinasukuma chuma. Msuguano haubebi peke yake tena. Kikalio cha zamani hakikuwa na kijino. Kishimo kilikaa wazi miaka yote kikisubiri.

Kuna pete za aina hiyo zinazofunguka kwa kiwiko bila spana, nzuri sana, ila bei yake peke yake inapita bajeti. Baba mkubwa hana sababu ya kutoa na kurudisha darubini. Tumekubaliana simuni: chuma, milimita 19, kijino, kimo cha kati. Naye ameshauliza polisi kabla sijaagiza chochote, akaambiwa la kufanya.

Nilitamani kuzikereza mwenyewe, nakiri. Nina chuma, nina mashine. Lakini makucha yale yana pembe ambayo sina kisu chake, na nikikosea, anayelipa ni mnyama mwingine porini.

Machi 14

Kifurushi kimefika, nimekifungua pale pale stendi. Si zenyewe.

Nilimwandikia muuzaji wazi: CZ 550, milimita 19. Akajibu "za CZ zote ni sawa, kaka." Si sawa. Nimezipima kwa venia, kile kipimo cha taya: 11. Hizo ni za bunduki ndogo za .22, CZ 452 na 455. Kuna na CZ 527 ambayo ni 16. Jina moja la kiwanda, migongo mitatu tofauti. Nimempigia, amekataa kurudisha fedha, amesema kifurushi kimeshafunguliwa. Elfu 70 za mzee zimekwenda. Imeniuma kweli, kwa sababu najua zile noti zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi gani.

Nimemweleza baba mkubwa bila kuficha. Akasema, "Agiza tena, mwanangu. Safari hii akutumie picha ya kipimo kikiwa kwenye pete." Ushauri mzuri kuliko wote nilioupata kwenye mradi huu, umetoka kwa mtu asiyeshika venia.

Aprili 4

Muuzaji mwingine, picha ya venia juu ya pete, 19 inasomeka. Elfu 235 pamoja na usafirishaji. Zimefika. Chuma kizito, kijino kipo. Tumbo la bomba litakaa 11 juu ya mgongo. Namba ya ukutani ni 9.8. Safi.

Wakati nasubiri nilikereza vitu viwili kutoka kwenye shafti kuukuu ya pampu. Kwanza, vipande viwili vifupi vya milimita 25.4 kamili, kila kimoja kinakaa kwenye pete yake na ncha zao zinakutana katikati, zionyeshe kama pete zinatazamana. Watu wengi huchonga ncha kali kama penseli. Mimi nimeacha ncha bapa, kwa sababu ncha kali zinaweza kugusana hata kama vyuma vimeinama, ila ncha bapa zikiinama utaona mwanya upande mmoja. Pili, fimbo moja ndefu ya sentimita 30 ya kusagia.

Aprili 18

Siku nzima Sengerema. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo kazi ilipokuwa.

Tumesafisha mgongo kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mafuta kidogo tu chini ya pete ni utelezi ulioununua mwenyewe. Nikaweka pete, kijino kikazama kishimoni, na kabla ya kukaza nikaisukuma pete mbele mpaka kijino kikagusa ukuta wa mbele wa kishimo. Darubini itasukuma mbele kila risasi, basi ianze ikiwa imeshaegemea. Ukiiacha katikati, risasi ya kwanza itaisogeza, na utadhani umekosea kulenga.

Kukaza. Spana ya kupimia nguvu niliyonayo ni ya boliti za magari, haiwezi kusoma skrubu ndogo kama hizi. Inayofaa inauzwa bei kubwa. Nikaazima mizani ya ndoano kwa binamu anayeuza samaki Mwaloni, Kirumba, ile ndogo yenye mistari ya gramu 100. Nguvu ya kukaza ni uzito unaovuta mara urefu wa mkono wa spana. Nikapima sentimita 10 kamili kwenye mkono wa spana ya aleni kutoka katikati ya skrubu, nikakata alama kwa tupa, nikafunga kamba hapo, nikavuta na mizani ikiwa pembe mraba na spana. Kilo moja hapo ni karibu nyutonimita moja. Karatasi ya pete inasema inchi-paundi 30 kwa skrubu za kubana mgongo, ambazo ni nyutonimita 3.4, basi nikavuta mpaka kilo tatu na nusu. Mizani bado inanuka sato. Inafanya kazi vizuri mno.

Nikaweka vipande vya ncha bapa. Mwanya upande wa kushoto, mdogo, unaingia karatasi ya daftari moja lakini si mbili. Si mbaya, ila bomba la darubini ni alumini nyembamba. Ukilikaza ndani ya pete zisizotazamana unalikunja, na lenzi za ndani hazipendi kukunjwa.

Basi nikasaga. Tulifunika chemba na kila tundu kwa kitambaa na selotepu, maana dawa ya kusagia ikiingia kwenye bolti itaendelea kusaga siku zote. Dawa ni ile ya kusagia valvu za injini, chembe laini, elfu 6 duka la spea. Ukiipaka kwenye fimbo, unailaza kwenye nusu za chini za pete, unasukuma mbele na nyuma bila kukandamiza. Kila baada ya dakika chache unafuta na kutazama. Mwanzoni palipong'aa palikuwa ukingo wa nje wa pete moja na ukingo wa ndani wa nyingine. Baba mkubwa alivuta kiti akawa ananihesabia. Kwenye mia mbili na kitu mng'ao ulikuwa umeenea kama robo tatu ya uso. Nikaacha hapo. Ukitafuta asilimia mia utamaliza pete.

Nikasafisha kwa mafuta ya taa, kisha spiriti, mara mbili.

Darubini ikaingia. Kwanza jicho: baba mkubwa alikaa na koti lake la kuwindia, maana koti linabadilisha umbali, akafumba macho, akaweka shavu kitakoni, akafumbua. Tukaisogeza darubini mpaka akaona duara zima bila kivuli, ukuzaji ukiwa 9. Kati ya jicho na kioo nikapima sentimita 9. Pungufu ya hapo, siku moja kioo kitampasua nyusi.

Kunyoosha msalaba: nilining'iniza timazi kwenye mti wa mwembe mita 50 kutoka dirishani, bunduki ikasawazishwa kwa pima maji, nikazungusha darubini mpaka mstari wa wima ukalala juu ya uzi. Msalaba ukiinama kidogo haionekani leo, lakini kila unaporekebisha juu utakuwa unahama na pembeni, na utazunguka huko bila kujua kwa nini.

Skrubu za juu za pete zinakazwa kidogo kidogo kwa kupishana, kama nati za gurudumu, na mwanya wa kushoto na kulia uwe sawa. Kilo 1.8 kwenye mizani. Zaidi ya hapo unalibana bomba mpaka linaacha kovu. Gundi ya skrubu, ile ya bluu inayofunguka kwa spana, nimeweka kwenye skrubu za kubana mgongo tu. Za juu ya pete nimeacha kavu, kwa sababu gundi ikiwa mbichi inalainisha uzi na kipimo kinadanganya.

Mwisho mama mkubwa akaleta rangi yake nyekundu ya kucha. Mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete, zote. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka.

Bolti ikarudishwa, ikafunguliwa na kufungwa mara kumi bila kugusa kioo cha nyuma. Uwazi juu ya mtutu unapitisha sarafu mbili za shilingi 200.

Mei 9

Uwanja wa kulenga shabaha ulioruhusiwa, pamoja na msimamizi. Anayepiga ni baba mkubwa, mimi natazama na kuandika.

Risasi ni ghali, kwa hiyo kabla ya kupiga hata moja tulitoa bolti, bunduki ikalazwa imara kwenye mifuko ya mchanga, tukatazama ndani ya mtutu mpaka duara jeusi la mita 25 likakaa katikati. Bila kuigusa bunduki nikasogeza msalaba uende hapo. Hii haigharimu chochote na inaokoa nusu ya boksi.

Ya kwanza mita 25: ndani ya karatasi, sentimita 9 chini. Kila mbofyo ni robo ya dakika ya pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii), milimita 7 hivi kwa mita 100, kwa hiyo chini ya 2 kwa mita 25. Mibofyo 50 juu. Ya pili ikaingia kwenye duara.

Mita 100, risasi tatu. Baba mkubwa alichukua muda baina ya kila moja, nikaona mkono wake wa kushoto unatetemeka kidogo kabla ya ya kwanza, kisha ukatulia. Matundu matatu yanafunikwa na kiganja bila vidole. Kitovu chake kiko juu sentimita 7, kulia 3. Yeye anataka 4 juu. Mibofyo minne chini, minne kushoto. Tatu nyingine. Ziko alipotaka.

Aliishusha bunduki, akatoa miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Si macho," akasema.

Nikatazama mistari ya rangi ya kucha. Hakuna uliokatika. Nikachungulia kwa tochi mbele ya makucha: hakuna mkwaruzo mpya.

Mei 10

Hesabu. Pete zisizofaa 70,000. Pete zenyewe 235,000. Dawa ya valvu 6,000. Gundi 9,000. Jumla 320,000. Chenji 80,000 nimemrudishia, ameziweka kwenye risasi. Mizani imerudi Mwaloni imeoshwa kwa sabuni.

Juni 6

Amepiga simu. Amerudi uwanjani, risasi tatu, kila moja mtutu ukiwa wa baridi, mahali palepale. Maombi ya kibali chake ameshapeleka. Msimu unafunguliwa Julai 1. Amesema hatapiga kitu chochote zaidi ya mita 120, hata kikisimama pembeni kimetulia. Ameniomba nimkerezee vipande vingine viwili vya ncha bapa, vya milimita 30, vya jirani yake. Nimeanza leo.